Samaki wa Lambo Hawekwi Akiba

Kila samaki wanapopungua lamboni, mshitakiwa hujulikana kabla shauri halijasomwa: ni mtu mwenye wavu. Atakuwa kijana wa kitongoji cha jirani na kipande chake cha kokoro, au mama aliyeshika chandarua upande mmoja na mwanawe upande wa pili. Hukumu nayo ni ileile kuanzia Maswa hadi Igunga, kuanzia Kishapu hadi Nzega. Lambo lifungwe miezi sita au mwaka mzima, nyavu zichomwe hadharani, kisha atafutwe mfadhili wa kuleta vifaranga vya sato, vimwagwe mbele ya kamera, watu wapige makofi na kurudi makwao wakiamini kwamba rasilimali imeokolewa.

Maoni haya utayasikia kwa diwani, kwa mwalimu mkuu, kwa mtangazaji wa redio, hata kwa wavuvi wenyewe wakiulizwa na mgeni aliyekuja na gari. Yamezoeleka kiasi kwamba anayeyapinga huonekana anatetea uharibifu. Mimi nayapinga. Kwa malambo madogo ya Shinyanga, Simiyu na Tabora, maoni haya yamekosea karibu mwanzo hadi mwisho, na gharama yake inalipwa na watu ambao hakuna aliyewauliza.

Hoja yenyewe, bila kuipotosha

Wanaoshikilia msimamo huu si wajinga. Wanasema hivi: lambo ni dogo na midomo ni mingi. Wavu wa macho madogo huzoa samaki wachanga kabla hawajazaa hata mara moja. Asiyevua leo anajua jirani atavua kesho, kwa hiyo kila mmoja anawahi. Ziwa Victoria limetupa somo, kwani sangara walipovuliwa wangali wadogo, viwanda vya minofu vikaanza kulia njaa. Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 na kanuni zake za mwaka 2009 zinakataza kokoro na nyavu za timba, tena zimeweka kipimo cha sato: asivuliwe akiwa chini ya sentimita 25. Kilicho haramu ziwani kitakuwaje halali lamboni? Tuwaache samaki wakue, wazaane, kisha tuvue kwa kiasi, nasi sote tutashiba.

Hoja imenyooka. Imesahau jambo moja tu, kwamba lambo hukauka.

1. Anayevua zaidi ya wote ni jua

Malambo haya hayakuchimbwa kwa ajili ya samaki. Mengi ya zamani yalichimbwa chini ya mpango wa kikoloni wa maendeleo ya Usukuma, ulioanza mwaka 1947 na kuendeshwa kutoka Malya. Shabaha ilikuwa maji ya ng'ombe na ya watu, na yaliyochimbwa baada ya Uhuru yana shabaha hiyohiyo. Lambo ni tuta la udongo lililozibwa mbele ya korongo la msimu. Karibu na tuta maji yana kina cha mita mbili au tatu, likiwa kubwa sana nne. Ukisogea nyuma, ng'ombe anasimama bila kulowa tumbo. Mvua zikikatika Mei hakuna tone jipya linaloingia mpaka Novemba. Jua la nchi hii huvuta karibu mita mbili za maji kwa mwaka kutoka kwenye bwawa lililo wazi, na zaidi ya nusu ya hizo huondoka ndani ya miezi mikavu. Jumlisha mifugo, ndoo na bustani za nyanya. Ifikapo Oktoba, lambo la mita tatu limebaki dimbwi la kufika magotini. Mvua zikiwa haba limebaki udongo uliopasuka.

Sasa mfuate samaki aliyehifadhiwa. Lambo limefungwa Mei ili akue. Agosti maji yamepungua nusu, samaki ni walewale. Septemba maji ni ya kijani na yana joto, na hewa iliyomo humalizika usiku. Nenda alfajiri uone. Perege wamejaa juu, midomo imetoka nje ya maji, wanahema katika ule utando mwembamba ulioguswa na upepo, na jua linapopanda wengine wameshalala ubavu. Pembeni wamesimama ndege, korongo na yangeyange, hawana leseni, hawana haraka. Oktoba aliyebaki hai ni kambale, kwa kuwa ana uwezo wa kuvuta hewa ya juu, naye amejichimbia topeni mpaka atakapofukuliwa kwa jembe.

Tulimzuia mtoto wa kijiji asimle samaki huyo Mei, tukampa ndege Oktoba. Huo ndio uhifadhi tunaopongezana kwao.

Cha ajabu, watu wa eneo hili hawahitaji kufundishwa kufunga na kufungua. Msukuma hufunga ngitili, malisho yake ya akiba, wakati wa masika ili kiangazi ng'ombe wawe na majani. Lakini akiifunga huifungua, tena huifungua katika miezi ile ambayo mifugo ina njaa. Sijasikia mzee aliyefunga ngitili ili majani yaoze humo kwa usalama. Amri ya kufunga lambo imechukua nusu ya maarifa hayo, ile ya kufunga, na kuiacha nusu iliyokuwa na akili.

2. Rula ya ziwa haipimi lambo

Tuje kwenye sentimita 25. Perege wa lambo la kina kifupi huanza kuzaa akiwa na urefu wa kiganja. Wavuvi husema amedumaa, na kwa kiasi ni kweli, lakini kudumaa huko ndiko kunakomwokoa. Samaki anayeishi kwenye maji yanayoweza kutoweka baada ya miezi minane hana nafasi ya kusubiri ukubwa. Akisubiri hafi kwa wavu, anafa kwa kiu. Kwa hiyo anazaa mapema. Jike hubeba mayai na watoto kinywani kwa takriban wiki mbili, anawatema, na baada ya wiki chache anarudia tena.

Kumtaka samaki wa namna hii afike sentimita 25 kabla hajavuliwa ni kumpa masharti ya kuishi mahali pengine. Na anayetii sheria kwa wavu wa macho makubwa anafanya nini? Anawaondoa wale wachache waliobahatika kunenepa, anawaacha maelfu ya wadogo wakigombania chakula kilekile na hewa ileile. Halafu tunashangaa kwamba samaki hawakui.

Jeppe Kolding wa Chuo Kikuu cha Bergen na Paul van Zwieten wa Wageningen wametumia miaka mingi kulinganisha maziwa na mabwawa ya Afrika. Wanachosema kuhusu maji ya kina kifupi yanayopanda na kushuka ni kwamba wingi wa samaki hufuata kiwango cha maji kuliko unavyofuata idadi ya nyavu. Mvua ikiwa nzuri, maji yakameza nyasi na samadi za pembezoni, samaki wanafurika hata wavuvi wakiwa wengi. Maji yakishuka, samaki wanapungua hata kama wavuvi wote wamehamia mjini. Ziwa Chilwa la Malawi lilikauka mwaka 1995, na maji yaliporudi, samaki walirudi ndani ya miaka michache, wakitokea kwenye mito na vinamasi ambako wachache walikuwa wamejibanza.

Lakini rula ina watetezi. Juni 2018 maofisa wa uvuvi waliingia nayo mpaka kwenye mgahawa wa Bunge, Dodoma, wakapima samaki walio tayari kuliwa. Nchi nzima iliongea, na wabunge walikasirika. Rula hiyohiyo hutembea malamboni bila kelele yoyote, kwa sababu mama wa Kishapu hana Spika wa kumwomba mwongozo.

3. Vifaranga vya kamera

Kisha linakuja gari la vifaranga. Ni kipindi kitamu cha mpango mzima: mifuko ya plastiki iliyojazwa hewa, kiongozi amekunja suruali, hotuba, picha. Swali la aibu ni hili: vifaranga hao wanakuja kuziba pengo gani?

Fanya hesabu ya mkutano wa kijiji. Tuseme lambo limebaki na majike 200 tu wa perege, na kila mmoja akatema kinywani watoto 200 walio hai. Hao ni 40,000 kwa uzazi mmoja, bila bajeti, bila mafuta ya gari. Gari la vifaranga 5,000 linaongeza nini hapo? Na kama lambo limekauka kiasi kwamba hata majike 200 hawapo, vifaranga 5,000 watamwagwa kwenye maji gani?

Tena si mchezo mpya. Majaribio ya kufuga perege yalianza Korogwe na Malya mwaka 1949. Mwaka 1967 serikali ilizindua kampeni ya kitaifa ya ufugaji wa samaki, nayo haikufanikiwa kwa kukosa usimamizi mzuri. Zaidi ya nusu karne baadaye tunarudia kumwaga na kupiga makofi, kana kwamba kilichokosekana wakati ule kilikuwa kamera.

Gharama iliyofichika hapa ni ngege. Kabla ya miaka ya 1950, wakati sangara na sato walipoletwa Ziwa Victoria, ngege ndiye aliyekuwa samaki mwenye jina katika ziwa lile. Leo ziwani karibu ametoweka. Amenusurika katika viziwa na malambo yanayolizunguka, mahali ambapo sato hajafika. Sato akifika humshinda chakula, tena huchanganya naye uzazi mpaka hujui yupi ni yupi. Kwa hiyo lambo tunalolipandikizia sato kwa jina la kuokoa samaki laweza kuwa ndilo makimbilio ya mwisho ya samaki wetu wa asili. Tunakwenda kuokoa, tunamwaga mrithi juu ya mwenye nyumba.

4. Moshi wa nyavu una bili

Nyavu zikichomwa hutoa moshi mweusi wenye harufu ya plastiki, na ukisogea karibu na rundo utaona kilichochomwa. Maboya ni vipande vya kandambili zilizochakaa, zimekatwa kwa kisu na kutobolewa kwa msumari wa moto. Vyuma vya kuzamishia havipo, kuna vijiwe vilivyofungwa kwenye matambara. Nyuzi zimeungwa mara nyingi hadi rangi tatu zinaonekana kwenye wavu mmoja. Hivi ndivyo vyombo vya adui mkubwa wa uchumi wa samaki.

Aliyechomewa hatanunua wavu halali kesho, maana hata ule haramu alikuwa ameuunga kwa miaka. Hatavua. Na asipovua, nyumba yake haitanunua nyama badala ya samaki. Itakula ugali na mlenda, au ugali na maji ya chumvi. Samaki wadogo wa lambo huuzwa kwa fungu, huanikwa juu ya mawe, huliwa na mifupa yake na kichwa chake. Ni mboga ya mtu asiye na kuku wa kuchinja, na huja wakati ghala linaelekea kuwa tupu. Hakuna ripoti ya doria inayoandika kwamba siku ile mafungu hayo hayakufika gulioni.

Na kufunga hakuzuii uvuvi, hubadilisha mvuvi tu. Mchana lambo ni hifadhi. Usiku anavua yule aliyezungumza vizuri na mlinzi. Siku ya kufungua ikifika, kijiji kinahitaji fedha za madawati au za choo cha zahanati, basi haki ya kuvua inakwenda kwa mwenye dau kubwa, mfanyabiashara kutoka mjini mwenye pikipiki, barafu na, kwa kibali maalumu, kokoro. Ndani ya siku mbili anaondoka na samaki wa msimu. Kokoro lililokuwa uhalifu mikononi mwa kijana wa kitongoji limekuwa zana ya maendeleo likiambatana na risiti.

5. Mwizi asiyetajwa anapita kwenye korongo

Kama mtu anataka kweli kujua nani amemaliza samaki, asiangalie majini, ainue macho atazame kule maji yanakotoka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 mwanajiografia wa Sweden, Anders Rapp, na wenzake, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima mmomonyoko na tope katika mabonde ya mabwawa manne karibu na mji wa Dodoma: Ikowa, Matumbulu, Msalatu na Imagi. Bwawa la Ikowa lilikuwa limejengwa mwaka 1957, bado mbichi, lakini vipimo tayari vilionyesha kwamba uhai wake ungehesabiwa kwa miongo michache tu. Udongo wa mashamba na malisho yaliyonyolewa ulikuwa unahamia bwawani kila mvua.

Rudi kwenye hesabu ya jua. Lambo la mita tatu likipoteza zaidi ya mita moja kwa jua na nyingine kwa mifugo na matumizi, hubakiwa na kiasi kinachoweza kumvusha samaki hadi mvua za Novemba. Likijaa tope mita moja, kiasi hicho ndicho kinachoondoka. Tope hilo halijapunguza theluthi ya samaki. Limeondoa uwezekano wa samaki yeyote kuvuka Oktoba. Wavu huchukua samaki wa mwaka huu. Tope huchukua samaki wa miaka yote ijayo, pamoja na maji ya kunywa.

Basi niambie, ni lini mara ya mwisho jembe lilichomwa hadharani? Ni mkutano upi uliopiga marufuku kulima mpaka ukingoni mwa korongo linalolisha lambo, na amri ikatekelezwa? Ng'ombe mia tano hushuka kunywa moja kwa moja ndani ya maji, wakibomoa kingo kwa kwato, kwa sababu mbauti, birika la kunyweshea mifugo, haikujengwa au ilijengwa ikapasuka. Mwenye ng'ombe hao ni mtu mzito, ana kura na ana jamaa kwenye kamati. Mwenye chandarua hana. Ukitaka kuelewa kwa nini sera yetu ya samaki inaanzia kwenye wavu, umeshaelewa.

6. Lakini sumu? Lakini Nyumba ya Mungu?

Nitaulizwa kama natetea wenye utupa na dawa za pamba. Sitetei. Anayemwaga sumu kwenye maji yanayonywewa na watoto na ng'ombe ashughulikiwe kama mhalifu wa afya ya watu, na chandarua kilichotiwa dawa kisizamishwe kwenye maji hayo kwa sababu hiyohiyo. Lakini hilo ni suala la sumu. Kulitumia kumnyang'anya mtu ndoano na mgono ni ujanja wa wakili.

Nitaulizwa kuhusu Ziwa Victoria. Sangara anahitaji miaka kukua, na ziwa lile halikauki kila Oktoba. Huko ukubwa wa tundu la wavu una maana yake. Kuchukua kanuni iliyotungwa kwa ajili ya zaidi ya kilomita za mraba 68,000 za maji na kuitandaza juu ya lambo ambalo mtoto analizunguka kwa miguu kabla ya uji kupoa ni uvivu uliovaa sare.

Nitaulizwa kuhusu Bwawa la Nyumba ya Mungu. Bwawa lile lilijaa maji katika nusu ya pili ya miaka ya 1960, mavuno yakapanda hadi zaidi ya tani 20,000 kwa mwaka ilipofika 1970, kisha yakaporomoka. Tangu hapo linatajwa kila mahali kama ushahidi dhidi ya wavuvi. Wavuvi walikuwa wengi, ni kweli. Lakini bwawa lolote jipya hufurika samaki miaka ya mwanzo, kwa sababu maji yamefunika msitu, nyasi na samadi, na vyote hivyo vikioza huwa chakula. Karamu hiyo huisha yenyewe. Kuifanya neema ya miaka mitatu kuwa kipimo cha haki, kisha kumlaumu mvuvi kwa kuwa haikudumu, ni kumshitaki mtu kwa kosa la kuwapo.

7. Sheria igeuzwe

Hakuna mahali niliposema lambo lisiwe na sheria. Nasema iliyopo imesimama kichwa chini miguu juu. Maji yanaposhuka, kuanzia Julai, watu wavue, tena wavue sana, kwa zana yoyote isiyo na sumu, wakubwa kwa wadogo, kabla jua halijavua kwa niaba yao. Pale ambapo dimbwi la mwisho huwa linabaki na maji, hilo moja liachwe liwe la mbegu. Mvua za kwanza zikinyesha na kambale wakapanda kijito kwenda kutaga kwenye nyasi zilizofurika, wiki hizo mbili tatu njia yao ilindwe na sungusungu wakitaka, maana hapo ndipo mkuki mmoja huua kizazi. Na fedha ya vifaranga ikajenge mbauti na ikapande majani kwenye korongo.

Mpango huu hauna picha nzuri. Mbauti haikunjiwi suruali, na majani ya korongoni hayamwagwi kutoka kwenye mfuko. Huenda ndiyo sababu hausikiki majukwaani.

Kwa hiyo mkutano ujao ukiitishwa ili kufunga lambo, mtu asimame aombe mambo matatu yaandikwe kwenye muhtasari kabla ya kura. Oktoba maji yatabaki kina gani? Kama hayatabaki, samaki hao tunamwekea nani? Na shamba lile lililolimwa mpaka ndani ya korongo ni la nani, kwa jina? Kikao kisichothubutu kutaja jina hilo hakina haki ya kumnyang'anya mtu yeyote wavu wake.